Usimwambie Mama Kuhusu Kitambaa

Kambi ya vibarua,
Chumba cha mwisho,
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Leo ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu niwaage pale mlangoni. Hujambo? Kikohozi kimekuacha? Na Mama, anakula, au bado anazungusha chakula kwenye sahani akidhani humwoni? Mimi mzima, ila mgongo hauniamkii vizuri. Mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa nyanya, hata sabuni ya kufulia imesalimu amri.

Naandika kwa sababu kwenye simu Mama hukaa ubavuni kwako akisikia kila kitu. Barua hii isome peke yako.

Maneno yako ya Jumapili yameninyima raha. Ulisema majani ya nyanya zetu yana madoa ya kahawia yenye ukingo wa njano, yanaanzia chini yanapanda juu. Ukasema Mama hufuta kila jani jioni kwa kitambaa chenye maji, kama alivyokuwa akitufuta nyuso, na Mama mwenyewe akadakia hapo hapo, "Zina vumbi, maskini. Wewe ungependa kulala na vumbi?" Nilicheka. Kisha nikauliza ni kitambaa gani, ukasema ni shati la marehemu Baba. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Mdogo wangu, ugonjwa huo unasafiri na maji. Ukifuta jani bovu kisha ukafuta zima kwa kitambaa kile kile, unaugawa shina kwa shina. Hapa kazini tukigusa mche mgonjwa tunanawa kabla ya kugusa mwingine. Msimamizi wetu, tunayemwita Macho Manne, akikukuta umesahau, siku hiyo anakurudisha chumbani ukalale bila ujira.

Naomba usimwambie Mama hivyo. Tangu tumzike Baba, bustani ndiyo inayomtoa kitandani. Akijua kwamba mikono yake ndiyo iliyozimaliza, sidhani kama atainuka tena. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si nyanya.

Ng'oa zilizougua uzichome, usizitupe kwenye shimo la mbolea. Sema mimi ndiye niliyeamuru, anikasirikie mimi, nimezoea. Mpya zipandeni upande wa tangi, palipokuwa na maharage, mkiacha nafasi ya upepo kupita. Maji mwageni asubuhi, chini kwenye shina, majani yabaki makavu.

Shati usilitupe. Lichemshe, lianike juani, kisha mpe Mama mkasi alikate vipande vya kufungia mashina kwenye vijiti. Kazi hiyo haiishi, maana nyanya hazichoki kurefuka. Asikaze sana, shina hunenepa. Atakuwa na sababu ya kutoka nje, na shati la Baba litakuwa limeshika kitu kinachokua.

Nisalimie mjomba fundi viatu. Jirani yetu mshonaji naye msalimie, ila mwambie ule utani wake kwamba Mama anazilea nyanya kama watoto auweke kando kwa sasa. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Mkiotesha miche wiki hii, vichala vya chini vitawiva mwanzoni mwa Julai. Mwaka jana niliwaambia nakuja, nikaongeza mkataba. Safari hii wameuleta tena, nimekataa kutia sahihi. Mwambie Mama vichala vya chini asiviguse. Wiki ya kwanza ya Julai nitakuwa hapo, nivichume mwenyewe.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
mwenye mikono myeusi