Mama, Hazikuwa Ndimu

Mama,

Jana tumeondoa kilio chako. Miezi mitatu imetimia. Watu wamekunja turubai, wamerudisha viti vya parokia, wamekwenda zao. Mimi nimebaki na sufuria sita, na tatu kati yake bado zimejaa chakula ambacho hakuna aliyekigusa. Nitakuambia kwa nini. Nimekaa kwenye kitanda chako na daftari letu la mapishi, nimefungua kurasa za nyuma ambazo hatukuzifikia. Unanijua, Mama. Mdomo wangu ni mwepesi kwa mambo ya bure, na kwa mambo yenye maana unakauka. Afadhali niandike.

Kwanza habari za nyumba, maana hizo ndizo ungeziuliza mbele ya zote. Umeme hapa Katuba unakuja ukijisikia. Mbabula ndogo imetoboka chini, makaa yanadondoka sakafuni, nimeiwekea kipande cha bati. Cherehani nimeihamishia chumbani kwako kwa sababu kule kwangu mvua inaingia. Kitenge chako cha akina mama wa kanisa ulikwenda nacho. Nguo nyingine ndugu zako wamegawana, hata lile koti lenye kifungo kimoja ambayo ulisema nisimpe mtu. Sikuwa na nguvu ya kugombana.

Unakumbuka siku tuliyotoka kwa daktari? Alikupima shinikizo la damu mara mbili, kama mtu asiyeamini macho yake. Akasema chumvi hapana, samaki wa chumvi hapana, vidonge vya mchuzi hapana. Ukamwangalia kutoka juu hadi chini, ukamwuliza, "Sasa miye nitakula nini, dokta? Mupepo?" Yeye alicheka. Wewe hukucheka, na njia nzima mpaka nyumbani hukunisemesha, kana kwamba ni mimi niliyekukataza.

Shangazi Veronika, mdogo wake Baba, alipopata habari hakupiga simu ya pole. Alituma gunia la ndimu kutoka Kasomeno, juu ya lori la mahindi. Baadaye ndipo akapiga. "Ndimu inadanganyaka lulimi," alisema. "Kamua mingi, lulimi itafikiri chumvi iko." Mti ulikuwa wake, nyuma ya jiko lake, na tangu siku hiyo kila wiki mbili gunia lilifika. Hakukosa hata mara moja, hata barabara ilipoharibika.

Tukaanza kujifunza, wewe mgonjwa na mimi mpishi asiyejua kitu. Gombo lile la kwanza, bamia zilizonishinda! Hapa kwetu nani anapika gombo bila soda? Nikaweka soda kama kawaida, halafu nikakamulia ndimu mbili ndani ya sufuria hiyohiyo. Povu likapanda, likamwagika, likazima makaa yote. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Solange, uko unapika gombo ao uko unafula nguo?" Siku hiyo tukaandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Ninao hapa, una alama ya mafuta ya kidole chako. Gombo: usiweke soda. Kata vipande vidogo, kaanga na kitunguu na nyanya mpaka utelezi upungue, ondoa motoni, ndipo ukamue ndimu.

Lengalenga ilitusumbua wiki nzima. Nilikuwa naweka ndimu mapema, majani yanageuka rangi ya kaki na kuwa machungu. Mwisho tukajua: chemsha majani kwa maji yake yenyewe, tia karanga za kutwanga, koroga hadi mafuta yaonekane juu, na ndimu ingoje sahani. Kwenye maharagwe tuliweka ganda, ile njano ya juu tu, nyeupe yake inaharibu kila kitu, na unalitoa kabla ya kupakua. Maganda mengine nilianika juu ya bati, yakikauka ninatwanga na pilipili kavu. Ulikuwa unanyunyiza hiyo juu ya bukari, ugali wako wa kila siku, na kupiga chafya, na mimi ninahesabu hiyo kuwa ni shukrani.

Uyoga peke yake ndio uliupenda kweli. Ule wa mvua za kwanza, na kitunguu, na ndimu moja, basi. Uliomba sahani ya pili. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: ameomba tena. Hakuna ukurasa mwingine wenye maneno hayo.

Vingine vyote ulikula kwa utii, na utii haukuwa tabia yako. "Unanikulisha mayani sawa mbuzi ya Noeli," ulinung'unika. Nilikujibu kwamba mbuzi wa Noeli ananenepa, wewe unakonda. Tulicheka, lakini ilikuwa kweli. Ulianza kugeuza uso sahani ikifika. Ulianza kusema umeshiba kabla ya kunawa.

Sasa nifike pale ninapozunguka tangu mwanzo.

Jumapili ile tulitoka misa ya kwanza. Harufu ya makayabo ilikuwa inavuka ukuta kutoka kwa jirani, harufu nzito ya samaki wa chumvi anayekaangwa na nyanya. Ulinishika mkono hapa, juu ya saa. "Mwana yangu, kipande kimoja tu. Miye niko na miaka sabini na moja, nifike tena wapi?" Kisha ukaongeza, polepole, "Usiambie muntu."

Nikaenda sokoni, Mama. Sikukataa hata mara moja ili dhamiri yangu ipate pa kujificha. Na makayabo inalowekwa usiku kucha, unabadilisha maji mara tatu, kila mtoto wa kike wa mji huu anajua hivyo. Mimi nililoweka saa moja, maji mara moja, kwa sababu ulikuwa umekaa mlangoni unaningoja. Ulikula bukari mara mbili. Ulilamba vidole. Ulipokuwa unanawa uliimba, na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilifurahi sana, na nilifurahi pia kwa ajili yangu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na ndimu zako.

Jumatano tukarudia. Jumapili tena. Wiki ya tatu ikawa karibu kila siku. Ndimu za Shangazi zilikaa kwenye karai chini ya meza mpaka zikawa ngumu na kuota ukungu, nikazimwaga kwenye shimo la takataka. Alipopiga simu kuuliza, "Ndimu inasaidia?" nilimjibu, "Inasaidia sana, Shangazi." Wewe ulikuwa hapo pembeni, ukatazama dirishani.

Halafu asubuhi ile kwenye robine ya maji, ndoo imejaa na wewe uko chini, mdomo umekwenda upande. Siku mbili za hospitali siziandiki. Ulikuwepo, na sijui ulisikia nini.

Mjomba Deo alifika na watu wa upande wako. Unajua desturi yenu: dada akifa kwenye nyumba ya mumewe, hata kama mume mwenyewe alishakufa zamani, kaka zake wanakaa kwenye mkeka na kuuliza alikula nini, na kitu hicho kilitoka mkono wa nani. Aliniuliza mbele ya wote. Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Kila kitu kilikuwa mdomoni mwangu, Mama, makayabo, saa moja ya kuloweka, kila kitu. Nikasema, "Mayani na ndimu, Yomba."

Nilikuwa naona maneno yale yanakwenda wapi na sikuyarudisha. Mjomba alitikisa kichwa taratibu. "Ndimu inamalizaka damu. Nani alileta hizi ndimu?" Macho yote yalielekea uani, kwa sababu hakuna asiyejua. Shangazi Veronika alikuwa uani na wanawake wengine, anamenya mihogo ya kulisha wageni wetu. Walimnyang'anya kisu mkononi. Wakamwambia upande wa mume umemaliza dada yao, na kwenye gari la kwenda makaburini hakuna nafasi yake. Wewe ulimpenda kuliko dada zako wa tumbo moja, na hakukutupia hata konzi moja ya udongo. Alinitafuta kwa macho. Mimi niliangalia vikombe.

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikishona sare za shule na kujiambia kwamba daktari mwenyewe hakusema ni samaki. Ni kweli, hakusema. Alisema shinikizo la damu, akafunga faili. Pengine ungekufa hata kwa lengalenga. Lakini Shangazi hakuondolewa kwenye kilio kwa sababu ya shinikizo. Aliondolewa kwa sababu ya neno langu, na kilio kikishaondolewa, lililosemwa ndani yake halifunguliwi tena. Wajukuu wangekua wakiambiwa kwamba Veronika wa Kasomeno alimwua wifi yake kwa ndimu.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilipanda gari la Kasomeno. Nilimkuta amekaa nyuma ya jiko lake, na mti haupo. Kimebaki kisiki kimepakwa majivu. Habari ilifika huko kabla yangu, Mama. Majirani waliacha kuchukua ndimu zake, halafu wakaacha kuchukua hata maji ya kisima chake. Alikata mti mwenyewe, kwa shoka, siku mbili.

Nilipiga magoti nikamwambia yote. Hakulia na hakunitukana. Alisema, "Hapa uko unanielezea miye. Miye nilikuwa najua kama haikukuwa ndimu. Enda useme palepale kwenye ulisemea." Basi. Hakunipa hata maji ya kunywa. Shangazi, ambaye hakuwahi kumwacha hata mchuuzi aondoke na kiu.

Jana niliamka mapema nikapika. Akina mama wa kanisa walileta wali na kuku, lakini mimi nilipika vyetu: maharagwe, lengalenga, gombo bila soda. Ndimu nilinunua hapa sokoni Katuba. Baada ya sala Mjomba akasimama afunge kilio. Nikaomba neno. Nikasema ni makayabo, wiki tatu, kwa mikono yangu, na ndimu za Shangazi zilikuwa kwenye shimo la takataka wakati wewe unaanguka. Nikasema sijui ni nini kilikuua, ila najua ni nini hakikukuua.

Mjomba aliniuliza kitu kimoja tu. "Na juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa, Yomba."

Alikaa. Aliivua kofia yake akaitazama ndani muda mrefu. Kisha akaagiza Shangazi apigiwe simu palepale, sauti iwe juu, kila mtu asikie. Akamwambia, "Veronika, tulikukosea. Neno ya ndimu imeisha. Utusamehe." Ndipo akajibu, "Nimesikia." Akakata. Hakusema amesamehe, Mama. Amesema amesikia.

Chakula kilipopakuliwa, watu walipanga mstari kwa wali na kuku wa kanisa. Kwenye sufuria zangu hakuna aliyekuja. Sikuona chuki, walinipita tu kama mtu anavyopita shimo barabarani. Mjomba aliniaga kwa kichwa, hakunipa mkono. Mwanzo nilitaka kukasirika, maana nilidhani ukweli ungenipunguzia kitu. Umeniongezea. Lakini sasa mzigo uko kwa mwenyewe, na hilo nililitaka.

Leo asubuhi nimekula lengalenga ile, ya baridi, nimesimama, na ndimu nzima juu yake. Ilihitaji chumvi. Ulikuwa na haki ya kunung'unika, na mimi nilikuwa nakudanganya kila siku niliposema hata wengine wanakula hivi na wanafurahi.

Nimekukosa, Mama. Nimekukosa mpaka nikisikia jirani anapiga chafya ninageuka. Sijui kama ningeweza kukunyima samaki yule hata nikirudishwa kwenye Jumapili hiyo. Hilo nalo nalisema, nisije nikaongeza uongo mwingine. Kwa ajili ya samaki siombi msamaha kwako, tulikula wote wawili. Naomba msamaha kwa kukuzika bila Veronika.

Ninakuahidi hivi. Kila mwezi nitapanda gari la Kasomeno. Nitafagia uwanja wake, nitachota maji, nitarudi. Akininyima maji ya kunywa, nitabeba yangu. Siku atakapokubali nitamleta kaburini kwako, nitasimama mbali, mbaki wawili, atupe udongo wake mwenyewe. Na yeyote atakayeniuliza ulikula nini, nitamjibu yote, nikisimama au nikikaa, mbele ya watu au peke yetu.

Sasa nakuacha upumzike, Mama yangu. Lala salama. Na huko uliko, wakikuuliza chakula chako cha mwisho kilitoka mkono wa nani, usinihurumie. Sema ni Solange.