Msamaha Ambao Hakuuomba

Sumbawanga, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Usinijibu "sijambo" kwa ile adabu yako. Mwambie kaka aandike ukweli. Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya Ufipa haimheshimu mtu wa Masasi. Navaa masweta mawili ya mitumba ya Majengo na bado meno yanagongana.

Wale wanafunzi wangu, ninaowafundisha ushauri nasaha ili wawasikilize wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Zaire, wengi ni makatekista. Watu wema mno, mama, na wema wao ndio unaonitesa. Wiki mbili nzima nimewakataza kusema "usilie" na "ni mapenzi ya Mungu". Wakashika vizuri, nami nikavimba kichwa.

Jumanne Sabas, hodari kuliko wote, alikaa na mama mmoja mkimbizi aliyeteremkia Kirando, kule ziwani, akaletwa hapa mjini. Mimi nilikuwa pembeni. Yule mama, ambaye tangu afike alikuwa hajasema lolote, akasimulia: risasi zilipolia ufukweni alimwachia mkono binti yake mkubwa ili ambebe yule mdogo, mtumbwi ukaondoka, mkubwa akabaki ng'ambo. Sabas hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, akamwambia kwa upole, "Mama, Mungu amekwisha kukusamehe."

Yule mama akamtazama, akasema, "Kumbe nilikosa." Akainuka, akaenda zake.

Nilipomgombeza Sabas, alinishangaa. "Mwalimu, kwani nimemhukumu? Mimi nimemfariji." Miaka yote kigangoni, mtu akilia mbele yake ndilo neno analompa. Na kweli sikuwahi kulikataza; halikunijia akilini. Nikamwomba radhi, naye akalia.

Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, wifi na mtoto wake mchanga, na yule shoga yako anayeniulizia mume kila mwaka. Mwambie baridi imewafukuza wachumba.

Mama, nilishafunga bahasha, nimeifungua tena. Yule mama amekuja sasa hivi, kavaa kitenge safi. Nilifurahi, nikadhani anataka kuzungumza. Kumbe anauliza kitubio chake cha kulipia kosa lile ni kipi. Nimemwambia hakukosa, hakukosa kabisa. Akasema, "Usinifiche, mwalimu. Nipe tu, hata kama ni kigumu, nikimaliza labda mwanangu ataonekana."

Amekaa kizingitini, anasubiri. Nimwambie nini, mama?

Mwanao,
Anjela