Vanishi Siku ya Ukungu

Ko-ko-ko. Bado nakisikia kile kigololi kikigonga ndani ya kopo la vanishi ya kupuliza nilipokuwa nalitikisa.

Callum, nimeharibu vile vijiaskari vya sanamu vya mzee Norman. Vyote. Kikosi kizima cha vita vya Waterloo.

Unajua mikono yake inavyotetemeka siku hizi. Alishasema hicho ndicho kikosi cha mwisho atakachokipaka rangi maishani. Mimi kazi yangu ilikuwa kupuliza vanishi tu.

Akaniambia, "Ngoja ukungu uishe, kijana." Nikamjibu, "Mzee, najua kazi yangu." Nikavipeleka nje bustanini, nikapuliza humo humo kwenye ukungu.

Najua kazi yangu! Nilisema hivyo kweli.

Unyevu uliigeuza vanishi ikawa nyeupe; ilipokauka, makoti mekundu yote yalikuwa meupe. Zile nyuso alizozichora majira yote ya baridi hazikuonekana tena.

Nilipovirudisha ndani, mkewe Maureen akaacha chai, akasema, "Yesu wangu!" Norman akakiinua kimoja dirishani, akakigeuzageuza. "Mimi niliwavalisha waende Waterloo. Wewe umewapeleka kwenye theluji ya Moscow."

Akacheka.   Nakuandikia haya nimekaa kituo cha basi, na kicheko kile bado nakisikia.

Halafu akasema polepole, "Jumamosi tukivionyesha klabuni, watasema ni mikono yangu. Watasema Norman kwisha."

Nikamwambia, "Jumamosi nitavipanga mezani mwenyewe, Norman. Na kabla mtu hajafungua mdomo, nitasimama niwaambie wote ni mimi."