Azzan na Kitoweo cha Idi

Chandu, upo? Natoka kwa Azzan sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unakumbuka alivyoapa kahawani, mtaani Gerezani, kwamba Idi hii hatagusa nyama, ni mboga na kunde tu, kwa ajili ya afya? Leo kawahubiria wageni wote, kisha akaaga kwenda kunawa mikono.

Mjukuu wake Mwanamize akamkuta jikoni. Jikoni, Chandu! Kainamia sufuria, mashavu yamejaa, mchuzi unatiririka kwenye kanzu mpya!

Sote tukajaa mlangoni. Maskini, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkewe akamwambia kwa upole, "Baba Rawan, kula tu. Hilo ni fenesi bichi. Shobhana, mke wa Chandu, kanifundisha kulipika likawa kama nyama. Nimekupikia wewe."

Fenesi! Kumbe kiapo hakijavunjika. Angenyamaza tu!

Lakini Azzan unamjua. Akasimama wima, kidole juu: "Fenesi? Mimi nidanganywe? Nimekula nyama miaka sabini! Huyu ni mbuzi, tena paja!"

Mwanamize akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unakula mbuzi?"

Sasa kajifungia chumbani, hataki kuongea na mtu. Sufuria kaingia nayo.