Tangazo la Pochi Yangu

Mwanahawa, hivi nimeolewa na mtu gani?

Pochi imedondoka sokoni leo. Nikafunga kadi ya benki, nikaripoti polisi. Nikamwambia Hashimu kitambulisho cha NIDA kimo humo, namba yake asiijue mtu.

Mume wangu kachukua kopi kabatini, kakodi bajaji ya matangazo!!

Likombe nzima, kwa spika: jina langu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, namba ya NIDA. Tarakimu zote ishirini! ISHIRINI, Mwanahawa! Tena wanarudia!

Eti "ili aliyeiokota ajue ni yako." Kichwa cha kufugia nywele!

Sasa hivi kanipigia mtu anajiita wa benki. Kanitajia zote ishirini, anataka namba ya siri. Nimemkatia.

Hashimu anatabasamu: "Umeona? Tangazo limefika."