Idadi, Hesabu, Ngapi

Jumatatu, 4 Agosti
Chai, mihogo, mabishano. Kama kawaida. Lugha yetu ya kuuliza hifadhidata imekamilika: karani wa ghala la asali ataandika swali kwa Kiswahili, kompyuta imjibu. Yamebaki majina ya amri zilizomo ndani. Mimi nataka idadi, jumla, wastani. Mafupi, yametulia. Doto, mwenzangu wa kazi, anataka hesabu, jumlisha. Anasema yeye ni pacha, mambo ya kupewa jina ameanza nayo tumboni. Nimecheka. Sijakubali.

Jumanne, 5 Agosti
Doto kalegea kidogo. Kila amri iwe na majina mawili, lake na langu. Nimekataa katakata. Kitu kimoja, jina moja, la sivyo ni gulio. Kaninunia hadi mchana, kisha kaleta karanga; majina yakabaki yangu.
Ijumaa chama cha wafuga nyuki kinatujaribu. Wakitukataa tunafunga ofisi, narudi kufundisha. Naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa.
Makarani watatu, swali moja: madumu mangapi yameingia? Wa Bukene kaandika ngapi. Wa Ulyankulu, hesabu. Wa hapa mjini kaandika idadi, kumbe kachungulia karatasi yangu. Wale wengine wawili kompyuta ikawajibu "jina halijulikani", asubuhi nzima. Doto kawagawia karanga wakisubiri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.
Mwenyekiti kaongea kwa upole. "Mwanangu, hiki chombo chenu kinachagua watu. Njooni Jumatano. Kikiwa hivi hivi, sisi tutabaki na madaftari yetu."
Nimemkasirikia karani wa Bukene, ambaye hana kosa lolote.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefua. Hasira bado.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani leo nimeitwa Agnesi, nikaitika. Njiani mwanafunzi wangu wa zamani kaniita Madamu. Nikaitika. Jirani, Mama Rehema. Nikaitika.
Mchana Baba kaingia kutoka Puge na kuku. Nikamwamkia shikamoo.
"Marahaba, mayu," akasema.
Nimerithi jina la mama yake, Nyamizi, kwa hiyo tangu nizaliwe mimi ni mayu, mama yake, naye hunidekea ipasavyo. Nikabaki nimesimama na kuku mkononi. Leo peke yake majina manne, na hakuna hata mmoja niliyemwambia jina halijulikani. Nimecheka hadi Baba akauliza kama nimekula.
Nimempigia Doto nikamwambia alikuwa sahihi. Kaomba nirudie, eti mtandao unasumbua. Nimekata simu.

Jumatatu, 11 Agosti
Kazi tupu. Kila amri ina jina moja rasmi, la kwenye mwongozo. Majina mengine yote yanapelekwa kwenye hilo. Tumeongeza na ngapi. Doto anaimba, vibaya.

Jumatano, 13 Agosti
Wamekubali. Wa Bukene kauliza, kajibiwa, kauliza tena swali lile lile kwa raha tu. Mwenyekiti katupa dumu la asali, akataka tuanze na maghala yote.
Jioni, ofisi kimya. Doto katangulia kwenda kwao. Kabla ya kuondoka aliandika mwongozo mwenyewe, na jina rasmi akaweka langu, idadi. Nimeliangalia kitambo. Nimelifuta, nikaweka hesabu. Hajaona bado.