Siku Mlango Ulipolala Dilala

Kolwezi, Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi. Mwaka wa thelathini na nne tangu nitoke Kinshasa.

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, kidogo, ya kutuliza vumbi tu. Sasa ni jioni, nimekaa na chai yangu, moyo umetulia kuliko nilivyotazamia.

Nilizaliwa Kinshasa, wazazi wangu wakiwa watu wa Lubudi, huku karibu na Kolwezi. Nilifanya kazi huko katika kiwanda cha kuunganisha magari, mpaka mji ulipoporwa na kiwanda kikafungwa. Tukaja huku, mimi na mke wangu, kwa miezi michache, tulisema. Mke wangu amezikwa hapa. Mimi nimeendelea kusema nitarudi.

Leo wapenzi wa magari ya zamani walinialika mtaa wa Dilala, uani kwa Mama Godelive, mwalimu mstaafu. Analitunza gari la marehemu baba yake, la aina tuliyokuwa tukiunganisha kiwandani kwetu. Waliyapanga magari yao chini ya kamba za nguo, yameng'arishwa kama viatu vya komunyo ya kwanza. Walitaka kumbukumbu zangu, nao walikuwa na zawadi: kiangazi kijacho wanakwenda Kinshasa kukutana na wenzao wa huko, na tiketi moja ni yangu. Mwenyekiti wao, Tata Kapenda (tata huku ni baba), fundi wa umeme, aliomba jibu kabla hatujaachana.

Nilisema nitajibu baada ya kula. Ugali ulinishinda.

Kasongo, mwenzangu wa kazi, alifia kule. Mwanawe alinieleza kwa simu, akaongeza kwamba ukumbi wetu wa kiwandani sasa ni ghala la saruji. Nilijua yote hayo, na bado nilitaka kwenda. Nilitaka kusimama pale na kusikia mlango mmoja ukifungwa vizuri.

Maana kazi yetu ilikuwa milango. Niliwaeleza. Kasongo alikuwa mtu wa nje, mimi mtu wa ndani. Nilikaa garini, vioo vimepandishwa, macho nimefumba, naye anafunga. Mlango ukikaa sawasawa, hewa inakusukuma masikio kidogo, mara moja tu, na sauti inakuwa fupi. Hapo nasema, kwa Kiswahili cha kwetu, "Imelala." Nisiposema kitu, Kasongo analegeza bawaba na kuanza upya, akiubembeleza mlango kama mtoto aliyekataa kuoga. Wenzetu wengi walisema Kilingala. Neno hilo lilikuwa letu wawili.

Tata Kapenda alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Tata, huku kwetu motoka ikilala, njo imekufa mu njia," alisema, yaani gari limeharibika njiani. "Usiseme ile neno karibu na ya kwangu."

Nikamwambia si yeye wa kwanza. Msimamizi mmoja mpya, mtu wa Likasi aliyejua Kiswahili cha huku, alisikia "imelala" siku yake ya kwanza akasimamisha kazi yote, akitafuta gari lililokufa. Kasongo alimjibu kwa heshima kwamba halijafa: "Haiyakufa, chef. Imelala tu." Tangu siku hiyo msimamizi yule aliitwa Haiyakufa, hata na wasiojua Kiswahili.

Wakacheka. Mama Godelive hakucheka. Alipandisha vioo vya gari la baba yake, akaingia, akafumba macho, akaniomba nifunge.

Sikuwahi kuwa mtu wa nje.

Nilifunga. Kimya. Tata Kapenda akalegeza bawaba, akainua mlango kidogo kwa goti, akakaza tena. Nilifunga mara ya pili, kisha nikasimama na mkono juu ya bati, nikingoja. Ndipo nilipojua Kasongo alikuwa akingoja nini miaka yote ile. Nje husikii hewa. Nje una mkono wako tu, na sauti ya mwenzako, ikija.

"Imelala, tata," alisema Mama Godelive kutoka ndani.

Ilibidi nigeukie ukuta kidogo. Walinipa nafasi, wakajifanya wanatazama magurudumu.

Tulipomaliza chai nilimjibu Tata Kapenda: tiketi apewe Mama Godelive, akaone mji ambako gari la baba yake lilizaliwa. Aliniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika. Mama Godelive akasema basi Jumapili ijayo nije tena, milango mitatu bado inagonga, na yeye ndiye mtu wa ndani sasa.

Nitakwenda. Nitavaa viatu vya zamani, ua wake una matope.

Nilidhani kile nilichokiacha kule kinangoja niende kukichukua. Kimekuja chenyewe, uani kwa watu, mchana, na nimekipokea. Nawashukuru. Namshukuru Kasongo.

Sitarudi Kinshasa.